Mchu Haukuifuata Chumvi

Miche yetu ya kwanza ilikufa wima. Tuliipanda maji yakiwa yamekupwa, kwenye tope tupu mbele ya msitu wa mikoko, upande wa baharini, tukivuta kamba ili safu zinyooke. Ilikuwa miche 400 ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama magongo na mbegu ndefu zinazochipua zingali zinaning'inia kwenye mti mama. Kazi yake ni nyepesi: unashika mbegu, unachomeka ncha, unapiga hatua, unachomeka nyingine. Tulimaliza kabla maji hayajarudi. Jioni ile nilivitazama vijiti vile vya kijani nikauona msitu.

Mwezi mmoja baadaye ilikuwa hai bado. Ilipofika miezi minne, mashina yalikuwa yamevikwa vijiganda vyeupe vyenye makali: wale viumbe wadogo wanaojibandika kwenye mawe, kwenye nguzo za gati na kwenye matumbo ya mashua. Uzito wao uliilaza miche, mawimbi yakaimalizia. Mwaka ulipotimia nilisimama mahali pamoja nikaihesabu iliyobaki bila kusogea. Ilikuwa 17.

Hasara hiyo ndiyo iliyonipa swali ambalo sijaliacha tangu siku ile: kwa nini kiumbe fulani anaishi hapa, na hatua ishirini kutoka hapa hayupo? Kwa muda mrefu niliamini kwamba jibu limo kwenye udongo na maji. Limo humo kweli, lakini si lote, na ile nusu niliyoiacha ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Baadaye nilijua kwamba hatukuwa peke yetu. Nchini Ufilipino mikoko ilipandwa kwa namna hiyo hiyo kwa miongo kadhaa, na wataalamu wawili, Primavera na Esteban, walipoipitia kazi ile mwaka 2008 walieleza kwamba kwa jumla miche iliyosalimika ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Mkoko ulichaguliwa kwa kuwa mbegu yake ni kubwa na haina usumbufu kuipanda, kisha ukapelekwa kwenye ufukwe ulio wazi, mahali ambapo kwa asili husimama michu na mililana, miti mingine ya msitu huo huo wa mikoko. Niliposoma hayo nilihisi kama mtu amekuja kulitembelea tope letu.

Basi nikaanza upya, safari hii bila mche hata mmoja. Nilichomeka vijiti vyenye alama kuanzia ukingo wa bahari hadi nchi kavu, nikawa nakwenda wakati wa bamvu, maji yanapojaa kuliko kawaida, na wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, nione maji yanafika wapi na yanakaa muda gani. Kando ya kila kijiti nilichimba kishimo, nikasubiri maji yachuruzike ndani, nikapima chumvi yake. Lile tope tulilopanda nililikuta linafunikwa na maji siku zote, mafu yakiwa mafu au bamvu likiwa bamvu, kwa saa nyingi mno kwa mche ambao haujainua majani juu. Hiyo ndiyo sababu wale wenye maganda walinawiri pale: wao wanakula maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo mahali panapozamisha mche ni mahali pao pa kushiba.

Kadiri nilivyosogea bara, hali ilibadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilidhani chumvi itapungua kadiri bahari inavyobaki nyuma. Mbele, kishimo kilinipa chumvi ya bahari ya kawaida, yaani gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Nyuma kabisa, kwenye uwanda mweupe unaofikiwa na maji ya bamvu tu, jua hukausha maji na kuiacha chumvi, mwezi baada ya mwezi. Wakati wa kiangazi nilipata kipimo kilichozidi mara mbili ya kile cha baharini. Na kote, ukichimba kiasi cha kiganja, tope ni jeusi na linanuka kama yai viza, kwa sababu hewa haimo.

Miti nayo ilikuwa imejipanga. Mbele kabisa palikuwa na mililana na michu mirefu, mizizi yao ya kupumulia imetokeza juu ya tope kama vidole. Kisha mikoko, imeshikana kandokando ya mifereji. Kisha mikandaa, imesongamana hata mtu anapita ubavu, na muia mmoja mmoja kati yake. Halafu, kwenye uwanda ule wa chumvi kali, michu tena, lakini sasa mifupi, mingine inanifika kiunoni tu ingawa ni mikongwe. Kila mti una ujuzi wake wa kuishi humo. Mkoko huizuia chumvi mlangoni, kwenye mizizi, isiingie nyingi. Mchu huiruhusu kiasi, kisha huitoa kupitia majani; ukilamba jani lake mchana wa jua kali utaionja.

Nilichora ramani kwa rangi nne nikaipenda mno. Kila aliyefika pale nilimweleza kwa uhakika kwamba msitu huu ni orodha ya mahitaji: mlilana unataka bahari, mkoko unataka mfereji, mkandaa unataka tope gumu, mchu unataka chumvi. Ukishajua kipimo cha chumvi na saa za maji, nilisema, unajua mti utakaoukuta. Nilisema hivyo kwa karibu miaka miwili.

Aliyenisimamisha ni mzee mmoja aliyekuwa amekata boriti katika msitu ule tangu ujana wake. Alinisikiliza hadi mwisho, ameegemea shina la mchu, kisha akauliza kwa upole:

"Mwanangu, kama mchu unaifuata chumvi, ile mirefu kule mbele inafuata nini?"

Nilitazama ramani yangu. Rangi ya mchu ilikuwa pande mbili za karatasi, na katikati haikuwapo. Nilikuwa nimeichora kwa mkono wangu mwenyewe bila kuiona.

"Hapo sijapaangalia vizuri, Mzee."

"Paangalie," akasema, akaendelea na njia yake.

Nadhani hakuna swali lililowahi kunisaidia kuliko lile. Mti unaostahimili chumvi ya kawaida mbele na chumvi kali nyuma hauwezi kushindwa na chumvi ya katikati. Unaostahimili maji ya kila siku na pia maji ya bamvu tu hauwezi kushindwa na maji ya wastani. Kama kipimo peke yake ndicho kinachoamua, mchu ulipaswa kutapakaa msitu mzima. Kwa hiyo katikati kulikuwa na kitu kinachouzuia, na kitu hicho hakikuwa udongo wala maji.

Nilianzia kitaluni kwa sababu huko ningeweza kuutoa mti katika ujirani wake. Tulipanda mbegu za mchu kwenye vyombo vyenye maji ya viwango vinne: karibu matamu, nusu ya chumvi ya bahari, chumvi kamili ya bahari, na chumvi iliyozidi. Miche iliyokua vizuri zaidi, tena kwa tofauti ya kuonekana bila rula, ilikuwa ile ya nusu. Katika chumvi iliyozidi ilibaki hai, majani madogo, imedumaa, mfano kamili wa ile mikongwe ya kunifika kiunoni. Neno nililokuwa nikilitumia lilikuwa baya. Mchu hauipendi chumvi, unaivumilia. Na katika uwanda ule unakaa kwa sababu huko wengine hawawezi kuufuata.

Kupenda na kuvumilia ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini ukiusimamia msitu na kuutazama tu, yanafanana. Uingereza, mwaka 1917, mtaalamu wa mimea Arthur Tansley alitoa matokeo ya jaribio la namna hiyo kwa mimea miwili midogo ya jenasi Galium, mmoja hukua porini kwenye udongo wenye tindikali na mwingine kwenye udongo wa chokaa. Ukiupanda kila mmoja peke yake, unaishi kwenye udongo wote, japo si kwa raha sawa. Ukiipanda pamoja, ule wenye asili ya udongo ule unamfunika mwenzake. Udongo haukumfukuza mshindwa. Ulimdhoofisha kidogo tu, jirani akafanya yaliyobaki. Nimelirudia jaribio hilo kichwani mara nyingi kwa sababu linaonyesha mahali mikono miwili inapokutana: mazingira huamua nani ataingia kwenye ushindani akiwa na nguvu, na ushindani huikuza tofauti ndogo mpaka ikawa mpaka wa kuonekana kwa macho. Miaka 40 baadaye, mwaka 1957, G. Evelyn Hutchinson alilieleza wazo hilo kwa utaratibu kamili, akitenganisha eneo lote ambalo kiumbe angeweza kuishi na lile dogo zaidi analobakiziwa na wenzake.

Lakini kazi iliyonifundisha namna ya kuuliza ni ya Joseph Connell, na nilipoifungua niliwatambua wahusika wake papo hapo. Walikuwa jamaa za wale wenye maganda walioiangusha miche yetu. Connell aliwachunguza kwenye mawe ya pwani ya kisiwa cha Cumbrae, Uskoti, akatoa matokeo mwaka 1961. Palikuwa na aina mbili. Chthamalus, mdogo, akikaa juu kwenye mwamba. Balanus, mkubwa zaidi na anayekua haraka, akikaa chini yake. Mpaka kati yao ulikuwa wazi kama mstari wa rangi ukutani. Mtu mwenye ramani kama yangu angesema: Chthamalus anapenda ukavu, Balanus anapenda maji.

Connell hakuridhika kwa sababu aliona jambo moja: vichanga vya Chthamalus vilikuwa vinatua hata chini, kwenye eneo la Balanus, na vikaanza kujenga maganda. Ila watu wazima hawakuwapo. Basi akachora mahali alipo kila mmoja juu ya jiwe, kisha kwenye nusu ya kila eneo akawaondoa Balanus waliowagusa Chthamalus, nusu nyingine akaiacha ilivyo. Akarudi mara kwa mara kuwakagua wale wale, mmoja mmoja. Kwenye nusu iliyosafishwa, Chthamalus waliishi chini vizuri, wakizama na maji bila shida. Kwenye nusu ya pili, Balanus walikua juu yao, au wakapenya chini ya maganda yao na kuwang'oa, au wakawabana hadi wakapondeka. Kwa upande wa juu mambo yaligeuka: Balanus waliotua huko waliuawa na jua na ukavu, ambao Chthamalus aliweza kuustahimili. Mpaka wa juu wa Balanus uliwekwa na hali ya mahali. Mpaka wa chini wa Chthamalus uliwekwa na jirani. Mstari mmoja machoni, sababu mbili tofauti, na hakuna kipimo cha joto wala cha maji ambacho kingezifichua bila kumwondoa mmoja uone mwenzake atafanya nini.

Niliporudi msituni nilijua cha kufanya, na njia tuliifuata ile iliyotumiwa na Thomas Smith katika misitu ya mikoko ya kaskazini-mashariki mwa Australia, katika kazi aliyoitoa mwaka 1987. Tulipata ruhusa ya vipande 12 vidogo katikati ya mikandaa. Sita vilikuwa chini ya kivuli kizito, sita kwenye mianya iliyoachwa na miti iliyoanguka yenyewe. Katika kila kipande tuliweka mbegu za mchu, nusu wazi na nusu ndani ya matundu ya waya yaliyozamishwa kwenye tope.

Usiku wa kwanza ulitosha kunionyesha kwamba hata hapo nilikuwa nimesahau mtu. Mbegu zilizokuwa wazi zilikuwa zikiondoka. Nilikaa kimya kwenye tope asubuhi iliyofuata nikamwona kaa akitoka shimoni, akaikamata mbegu kwa ukingo wake, akarudi nayo kinyumenyume, taratibu. Mbegu ya mchu ni bapa, laini, imejaa akiba, haina ugumu wa ile ya mkoko. Siku ya nne sikupata hata moja nje ya waya, kivulini wala mwanyani. Smith alikuwa ameona hilo: kaa wa eneo la katikati hula mbegu za mchu kwa wingi kule kule ambako michu mikubwa haipo.

Ndani ya waya hadithi ilikuwa ndefu zaidi. Kivulini mbegu zilichipua vizuri, zikatoa majani mawili, kisha manne, zikisukumwa na akiba zilizokuja nayo. Nilifurahi mapema mno. Akiba ilipokwisha miche ilisimama. Haikuoza, haikuliwa, ilikonda tu, shina kama uzi, na kabla ya mwaka kwisha karibu yote ilikuwa imekauka. Mwanyani, kwa kipimo kile kile cha chumvi, tope lile lile, maji yale yale, miche iliyolindwa na waya ilipita goti langu katika muda huo.

Kwa hiyo mlango wa katikati ulikuwa na komeo mbili. Moja ni kaa. Nyingine ni mwanga, na mwanga ulikuwa umechukuliwa na mikandaa. Mkandaa hauna haraka. Mche wake unaweza kukaa kivulini miaka, mwembamba lakini mzima, ukisubiri tundu lifunguke juu. Mchu hauwezi kusubiri hivyo. Ni mti wa mahali pa wazi, na mahali pa wazi katika msitu ule ni pawili tu: mbele, ambako tope bado ni jipya na bahari inapiga, na nyuma, ambako chumvi imewazuia wengine wasisongamane. Swali la Mzee lilipata jibu lake hapo. Ile mirefu mbele na ile mifupi nyuma vilikuwa vinafuata kitu kimoja: nafasi.

Darwin aliliona hili bustanini mwake bila kwenda popote. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 cha asili ya spishi anasimulia kipande cha nyasi cha futi 3 kwa 4 ambacho kilikuwa kikifyekwa daima, kikiwa na aina 20 za mimea. Nyasi zilipoachwa zikue kwa uhuru, aina 9 zilitoweka. Udongo ulikuwa ule ule, mvua ile ile. Kilichobadilika ni kwamba warefu waliachiwa kuwa warefu.

Kaa wale walinisumbua zaidi, kwa sababu hawakuwa kwenye swali langu. Nilikuwa nimegawa dunia sehemu mbili, hali ya mahali na ushindani, na hapa akaja mlaji akavuka katikati. Robert Paine, kwenye pwani ya jimbo la Washington, Marekani, alikuwa ameonyesha mwaka 1966 jinsi mlaji anavyoweza kuugeuza ushindani wenyewe: alipomwondoa kiti cha pweza aina ya Pisaster kwenye mwamba, kome walienea, wakachukua nafasi, na jamii iliyokuwa na spishi 15 ikabaki na 8. Kiti cha pweza alikuwa akiwaachia wanyonge nafasi kwa kumla mwenye nguvu. Kaa wetu walikuwa wakifanya kinyume, wakimla yule aliyekwisha kuzidiwa. Tangu hapo sijawahi kuandika neno ushindani kwenye daftari langu bila kujiuliza nani anakula pale.

Kuna kosa moja zaidi ambalo lazima nilieleze, kwani lilitokana na kujifunza vizuri mno. Nilipoelewa nguvu ya ushindani, nikaanza kuiona kila mahali. Nyuma ya msitu palikuwa na sehemu iliyokatwa zamani, tope limebaki wazi, halikuwa limeota mti hata mmoja. Mimea ya kutambaa yenye majani manene yaliyojaa maji, ile inayostahimili chumvi, ilikuwa imetanda hapa na pale. Nikahukumu kwamba hiyo ndiyo inayoinyima michu nafasi. Tukaing'oa kwenye nusu ya eneo, kazi ya siku tatu za jua kali, tukapanda mbegu za mchu kote.

Nusu tuliyoisafisha ilikuwa jangwa. Uso wa tope ulipasuka na kufanya ukoko mweupe wa chumvi, na bamvu la kwanza lilizoa mbegu nyingi kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuzishika. Kwenye nusu ambayo hatukuigusa, mbegu zilinaswa kati ya vijishina, hata mbegu ambazo hatukuzipanda sisi, na miche ilichipua kwenye kivuli kidogo kilichokuwa kikipunguza ukaukaji. Nilipopima chumvi chini ya majani yale na kwenye ukoko ulio wazi, tofauti ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimemng'oa mlezi nikidhani ni mshindani.

Mark Bertness na Ragan Callaway waliliweka wazo hili wazi mwaka 1994: kadiri hali ya mahali inavyokuwa ngumu, ndivyo majirani wanavyoelekea kusaidiana zaidi, na kadiri inavyokuwa nzuri, ndivyo wanavyoelekea kunyang'anyana. Kule Belize, kazi iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha mimea ya kutambaa ikiwafungulia miche ya mikoko njia baada ya msitu kuharibiwa, kwa kunasa mbegu zake na kuipunguzia ukali wa mahali. Na uhusiano huo haudumu. Katika eneo letu, miche ilipofika kimo cha paja ilianza kuitia ile mimea kivuli, na leo chini ya michu ile mimea imebaki vipande vipande. Mtu aliyefika mwaka wa pili angeandika kwamba inasaidiana. Aliyefika mwaka wa sita angeandika kwamba inashindana. Wote wawili wangekuwa wameona kweli.

Ndiyo maana nahuzunika ninapoona upandaji unaopimwa kwa idadi ya miche iliyochomekwa siku moja. Watu wanafanya kazi ngumu kwa moyo safi, na mara nyingi wanapelekwa kwenye tope ambalo liko tupu kwa sababu nzuri. Eneo tupu si lazima liwe eneo linalosubiri. Huenda ni la chini mno, au lina chumvi isiyovumilika, au kaa wamelimaliza, au mbegu haziwezi kulifikia. Kila moja ya hizo inataka tiba yake, na kupanda ni tiba ya hiyo ya mwisho tu.

Sisi sasa tunapanda kidogo sana. Mahali tulipofanikiwa kuliko pote hatukupanda kabisa: mchanga ulikuwa umeuziba mfereji uliokuwa ukipeleka maji nyuma, chumvi ikapanda na miti ikafa. Tulitumia majembe na mikono kuuzibua, tukaondoka. Maji yaliporudi yalileta mbegu yenyewe, kwanza za mchu, baadaye mkandaa. Kazi yangu pale ilikuwa kuhesabu.

Mwaka jana Mzee alikuja nami hadi kwenye vile vipande 12. Anatembea polepole siku hizi, kwa hiyo tulitoka mapema maji yakianza tu kupwa. Kwenye mwanya wa tatu michu imenipita kimo, na waya tulikuwa tumeshaiondoa. Aliipapasa shina moja, akatazama juu kuona kama matawi yamegusana na ya mikandaa ya kandoni. Yamegusana. Kisha akainama na kusogeza mizizi ya kupumulia kwa fimbo yake. Chini, kwenye kivuli cha michu niliyoipanda mimi, palikuwa na miche membamba ya mkandaa, imesimama wima.

"Na hii nayo umeipanda?"

"Hapana, Mzee. Imekuja yenyewe."

Tuliihesabu pamoja. Ilikuwa 11. Nikaandika kwenye daftari, nikamshika mkono, tukatoka kabla maji hayajaingia mferejini.